Gari Lililokwisha Kuombewa

Mimi ni mtu wa hasira, na nimechoka kuambiwa kwamba hasira ni hasara. Hasara niliyoipata juu ya lile gari haikuletwa na hasira, ililetwa na upole. Siku ya kulichukua ningekuwa na hasira kidogo tu, kiasi cha kuinama na kugonga mlango kwa ngumi, mambo yangekuwa mengine. Lakini nilikuwa mpole, nimejaa shukrani, na macho yangu yalikuwa yamefungwa kwa sababu tulikuwa tunaomba.

Mama yangu anaishi Zombe. Mimi nimeolewa Mbumbuni, na huko ndiko ninakofundisha shule ya msingi. Kati ya nyumba ya mama na hospitali ya Kitui kuna barabara ambayo ikinyesha ni tope, isiponyesha ni vumbi na mitikisiko ya kung'oa meno. Mguu wake mmoja uliwekwa vyuma baada ya kuanguka, na goti halikunjiki sawasawa, kwa hiyo hawezi kujibana ndani ya gari la abiria. Moyo nao una matatizo yake, na daktari anataka kumwona kila mwezi bila kukosa. Basi mimi na mume wangu tulijinyima tukanunua gari dogo, na sioni haya kusema kwamba gari lile lilikuwa la mama. Alikuwa na kiti chake: nyuma, upande wa kushoto. Kiti kilicho mbele yake tulikisukuma hadi mwisho ili anyooshe mguu. Kukaa mbele hakutaka hata kusikia. Akikaa mbele hukanyaga breki ambazo hazipo, na akiona lori linakuja humwita Yesu kwa sauti ya kumtupa dereva mtaroni.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka Nairobi kumwona daktari wa moyo. Tulipofika mji mdogo wa Salama nikasimama kando ya barabara kununua machungwa, mama akabaki ndani. Lori lililokuwa limeegeshwa hapo likarudi nyuma, dereva hakutazama, likatugonga ubavuni upande wa mama. Nilisikia bati likilia nikiwa bado nachagua machungwa. Vioo vilimmwagikia mapajani, lakini Mungu alimficha, akatoka na mikwaruzo tu. Gari ndilo lililoumia. Mlango wa nyuma uliingia ndani, na nguzo ya chuma iliyo nyuma ya mlango huo, ile ambayo mkanda wa usalama umefungwa juu yake kwa bolti, ilipinda na kupasuka.

Baada ya hapo mama aliliogopa gari. Mwezi ule hakwenda kliniki, wala mwezi uliofuata. Nilipompigia simu alisema yuko salama, lakini jirani yake akaniambia kwamba siku hizi analala ameketi, mito imepangwa mgongoni, kwa sababu akilala chali pumzi zinakata. Kwa hiyo lile gari halikuwa jambo la urembo. Ilikuwa lazima litengenezwe vizuri, na ilikuwa lazima mama aamini kwamba limetengenezwa vizuri.

Bima ya lori ilikubali kulipa. Mume wangu alitaka tulipeleke kwa fundi wa bodi anayemfahamu hapa kwetu, lakini kampuni iliyotuuzia gari ikasema hapana. Ina yadi kubwa kando ya barabara kuu, yenye sakafu ya vigae na mashine ya kahawa, na gereji iko nyuma ambako mteja haruhusiwi kuingia. Tukipeleka kwingine, wakasema, waranti imekufa. Na kwa nini twende kwa watu wa jua kali wakati wao wana vyuma orijino na mafundi waliosomea kazi? Tukaona maneno yao yana maana. Tukaliacha kwao.

Hapa inabidi nieleze kidogo watu wa kwetu. Ukambani hakuna kitu kinachoanza kutumika bila maombi. Nyumba huombewa, duka huombewa, ng'ombe wa maziwa huombewa, na nimewahi kusimama kwenye jua kali tukiombea tangi la maji la plastiki. Sicheki, mimi mwenyewe ni muumini. Ila kuna sheria nyingine ambayo haikuandikwa popote na kila mtu anaijua: kitu kikishaombewa hakikaguliwi. Umeshamkabidhi Mungu, unarudi kupekuapekua nini? Ni kama kumwambia hukumwamini.

Meneja wa ile kampuni alizaliwa hukuhuku, tena ni shemasi wa kanisa lake, na sheria hiyo aliijua vizuri kutushinda sisi.

Siku ya kuchukua gari nilikwenda na mume wangu, na mama pia. Ndugu yangu alimleta kwa gari la kuazima, mwendo wa konokono, maana nilitaka aone kwa macho yake. Gari lilitolewa likimetameta. Rangi ilikuwa imelala vizuri mpaka niliona meno yangu kwenye mlango.

"Bwana asifiwe, susu," meneja akamwambia mama. Susu kwetu ni nyanya, na mama alifurahi kuitwa hivyo na mtu wa tai. "Gari yenu sasa ni kama mpya. Ile chuma ya zamani yote tumekata tukatoa, tukaweka ingine orijino kutoka kampuni. Hata mkanda tumefunga upya."

Mume wangu akaanza kuinama kutazama chini ya mlango. Meneja akampigia makofi ya furaha, akaita wafanyakazi wote, akaweka funguo juu ya boneti na kusema, "Kwanza tumshukuru Mungu. Kila mtu aweke mkono kwa gari."

Tukaweka mikono. Yeye mwenyewe aliweka wake kwenye ile nguzo, mahali penyewe, nakumbuka hilo kuliko jambo lolote. Aliomba kwa sauti tamu. Alimwombea mama, moyo wake, mguu wake na barabara ya Zombe. Alikemea ajali. Akamwomba Mungu awabariki mafundi waliofanya kazi ile kwa uaminifu. Mama alilia. Tuliposema Amina, mume wangu akanyoosha tena mkono kuugonga ule mlango, na mama akamshika kiwiko. "Wacha, mwana wakwa," akamwambia kwa sauti ya chini, yaani mwanangu. "Gari imeshaombewa."

Akaacha. Ni nani angeendelea?

Wakati wa kuondoka mama alisita kuingia. Nikamwambia, "Mama, chuma ni kipya. Ingia tu, mimi nakuhakikishia." Akaingia kwa ajili ya neno langu. Kliniki zikaanza tena, na baada ya muda jirani akaniambia kwamba ile mito imepungua.

Kisha siku moja, tukitoka Kitui, nikaegesha gari mlangoni pa mama. Mama akageuka kushuka, na kama kawaida yake akaushika ule mkanda ajivute, kwa sababu mguu haumsukumi. Mkanda ukamfuata. Ulitoka na bolti yake, na bolti ikatoka na bonge zima la pati iliyokauka, ile ya kuzibia mabati kabla ya rangi. Mama akaketi chini kwa kishindo, mkanda mkononi. Ndani ya bonge lile kulikuwa na kipande cha gunia na waya wa kuku. Naandika tena ili msomaji asidhani nimekosea: gunia na waya wa kuku. Ile nguzo iliyopasuka Salama ilikuwa palepale, imepasuka vilevile, imejazwa takataka na kusiribwa pati kama nyumba ya udongo, kisha ikapakwa rangi ya kumetameta. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na kwenye huo mti ndiko walikomfungia mama yangu.

Mama aliligeuza bonge lile mkononi. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mwana wakwa, hiki ndicho chuma?"

Nimewahi kutukanwa na wazazi wa wanafunzi, nimewahi kuibiwa mkoba sokoni, lakini sijawahi kudhalilishwa kama nilivyodhalilishwa na swali lile. Kuiba ni jambo moja. Hawa walichukua mdomo wangu wakautumia kumdanganya mama yangu. Kama tungefunga breki kwa nguvu kwenye mteremko wa kushukia mto njiani kwenda Kitui, mama angerushwa mbele akiwa amejifunga barabara, kwa mkanda ulioshikwa na gunia, na mimi ndiye ningekuwa nimemwambia aingie.

Nikalipeleka lile bonge kwa meneja. Nililiweka juu ya meza yake ya kioo, nikahakikisha linamwaga mchanga.

Hakushtuka. Akaligusa kwa kalamu. "Madam, hii ni ya kuzuia sauti. Gari zote ziko nayo."

"Gunia ni ya kuzuia sauti?"

"Unajua barabara ya Zombe ni mbaya. Gari ilitoka hapa ikiwa sawa. Hata mama mwenyewe alifurahi."

"Mama alifurahi kwa sababu uliomba!"

"Na Mungu alisikia. Si hakuumia?" Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akanyoosha mikono yake miwili. "Dada, naona uko na uchungu. Wacha tuombe kwanza, halafu tuongee."

Nilimwambia kwamba mimi hapa sifungi macho tena. Nilisema kwa sauti kubwa, na wale waliokuwa wakinywa kahawa wakageuka, na wala sijutii. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa wa akili, akamwita mlinzi anisindikize. Mlinzi alinisindikiza kwa adabu, akinipa pole. Nililia garini, na nililia kwa hasira tupu.

Nilitaka kwenda mahakamani. Lakini kabla sijapata wakili, meneja alikuwa ameshampata mchungaji wa mama, sijui kwa njia gani. Wazee wa kanisa wakafika kwa mama wakanywa chai. Ndugu hamshtaki ndugu, wakamwambia, mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Meneja alikuwa tayari kutupokea kwa upatanisho. Na mama akaniambia ameshamsamehe.

"Umemsamehe nini, Mama?" nikapiga kelele. "Mtu hajakubali kosa! Anasema gunia ni ya kuzuia sauti!"

"Nimemsamehe hivyo hivyo."

"Na kliniki utaenda na nini?"

Akaendelea kuchambua pojo kwenye ungo. Nilimkasirikia mama yangu siku ile, nasema kweli. Niliona kwamba huu upole wetu ni shamba ambalo watu kama yule meneja huja kuvuna bila kulima. Hata hivyo, tarehe ya upatanisho ilipofika nilimpeleka, kwa gari la kuazima tena, kwa sababu sikutaka aende kupatanishwa bila mtu wa kusema hapana.

Tulipofika yadi tulikuta kuna familia inayokabidhiwa gari. Kijana na mkewe, na mtoto mchanga amefungwa mgongoni kwa leso. Gari lao nalo lilikuwa limegongwa, upande wa mbele, na sasa lilikuwa linameta. Wafanyakazi walikuwa wameanza kukusanyika. Funguo zilikuwa juu ya boneti.

Meneja alipomwona mama akiingia na fimbo yake, uso ukamchanua. Nadhani aliona ameletewa baraka: susu mwenyewe amekuja kupatana, mbele ya wateja. "Leo tumepata mama wa maombi!" akasema. "Susu, karibu. Wewe ndiye utatuombea hii gari ya hawa watoto."

Mama akaniachia fimbo. Akaweka mikono yote miwili kwenye boneti, tukafunga macho. Yaani wao wakafunga.

Mama yangu huomba jinsi watu wengine wanavyopiga simu kwa mtoto aliye mbali. Humweleza Mungu habari zote za siku, bila haraka, bila kuruka kitu. Anajulikana kwa hilo, na kanisani kwake hapewi nafasi ya kuomba kabla ya chakula. Na kwetu mtu anayeomba hakatizwi. Utasubiri hata wali upoe.

Aliomba kwa Kikamba, nami naandika kwa Kiswahili kadiri niwezavyo. Alimshukuru Mungu kwa mvua kidogo iliyopatikana. Akamshukuru kwa mtoto aliye mgongoni kwa mamake. Kisha akasema, "Baba, nakushukuru kwa huyu kijana wetu meneja. Nimemsamehe, wewe unajua. Ule mkanda nilipouvuta ukatoka na gunia, nilishtuka, nikaanguka, lakini hukuniacha niumie. Sijui kama gunia lilikuwa la mahindi au la pojo, wewe uliliona lilipokuwa linaingizwa. Na ule waya wa kuku uliouona, na ile pati. Msamehe. Labda hakuwa na chuma siku ile."

Meneja alikuwa amefungua macho, akanitazama, nami nikamtazama. Angefanya nini? Amkatize bibi kizee anayezungumza na Mungu, mbele ya wafanyakazi wake, wengine wao wakiwa wanaitikia "Eee, Baba" kwa mazoea?

Mama akaendelea. Akaombea moyo wake, akaombea barabara. Mwishoni akasema, "Na gari la hawa watoto, Baba, wewe liangalie ndani, maana sisi tumefunga macho. Amina."

Mpaka leo sijui kama alikusudia. Nilimuuliza, akasema alikuwa anaomba tu.

Yule kijana hakusema Amina. Alikwenda moja kwa moja mbele ya gari lake, akainama, akaanza kugonga kwa vifundo vya vidole, hapa, na hapa, na hapa. Kisha akaomba bisibisi. Meneja akasema utaratibu hauruhusu. Mke wa kijana, ambaye hakuwa ameinua sauti tangu tufike, akamfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi mumewe, akaenda gerejini na kurudi na bisibisi. Yaliyoonekana humo si ya gari langu, nawaachia wenyewe. Yatosha kusema kwamba hawakuondoka nalo.

Baada ya hapo hatukupatanishwa na mtu, lakini kampuni ikakata shauri haraka ajabu. Gari letu litatengenezwa upya. Nikasema litatengenezwa mbele yangu. Wakasema mteja haruhusiwi gerejini. Nikawauliza kama wangependa mama arudi kuwaombea tena. Nikapewa kiti cha plastiki, nikakaa katikati ya kelele na cheche, nikaona ile nguzo ya zamani ikikatwa na kutupwa, nikaona mpya ikichomelewa, nikaona bolti ikikazwa hadi ikagoma. Niliuvuta ule mkanda kwa uzito wangu wote, nao si mdogo. Walipoleta funguo wakaziweka juu ya boneti, nikazichukua na kuondoka.

Nililipeleka Zombe siku hiyohiyo. Kliniki ilikuwa kesho yake. Asubuhi nikasukuma kile kiti cha mbele hadi mwisho, nikamfungulia mama mlango wake wa kushoto.

"Mama, hiki sasa ni chuma. Nimekaa huko gerejini nikakitazama kwa macho yangu kikifungwa."

"Najua, mwana wakwa," akasema. "Asante."

Akazunguka gari taratibu na fimbo yake, akafungua mlango wa upande wa pili, akaingia nyuma ya kiti changu cha dereva. Huko mguu hauna pa kwenda. Nilisogeza kiti changu mbele mpaka usukani ukanigusa kifua, na bado goti lake lilikuwa limebanwa. Tulipofika Kitui lilikuwa limevimba, ikabidi nimbebe kumtoa.

Ndivyo tunavyosafiri hadi leo. Upande wa kushoto, ulio imara kuliko gari zima, hubeba kiondo chake. Nikimuuliza kwa nini hakai huko, husema upande ule hauna upepo. Nimemfungulia dirisha, nimemwonyesha upepo, haendi. Meneja alisamehewa mapema, tena kwa sala. Mimi, mtoto wake, bado naambiwa habari za upepo.